Pima Mkono Kabla ya Puli

Pampu ya petroli iliyowekwa kando ya Mto Mara ina vipuri vingi vinavyoweza kuharibika: pistoni, valvu, kabureta, plagi, sili ya maji. Lakini sehemu inayoguswa na binadamu kwa nguvu zake zote, tena kila siku, ni moja tu, nayo ni kamba ya kuwashia. Pistoni inasukumwa na moto uliokadiriwa kiwandani. Kamba inavutwa na yeyote aliyepo: kijana mwenye haraka, mama aliyeinama tangu asubuhi, mzee anayevuta huku mkono mmoja ameuweka kiunoni. Kwa hiyo si ajabu, ukipita kwa mafundi wa Tarime mjini, Sirari, Nyamongo au Mugumu, kukuta injini yenye pistoni nzima na cheche safi imelala chini ya meza kwa sababu ya kamba, springi au ukucha mmoja wa bei ndogo. Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu kutengeneza stata ya kamba hapa hapa kwetu, na hoja yangu ni hii: stata hiyo inaweza kuwa bora kuliko ya dukani, kwa injini fulani, ikiwa fundi atapima mkono wa mvutaji kabla hajakata chuma. Sehemu ya kwanza ya hoja itawafurahisha mafundi. Ya pili huenda ikawaudhi.

Hebu tufungue kava kwanza. Ndani ya stata ya kiwandani kuna puli iliyozungushiwa kamba, springi bapa iliyoviringishwa kama mkeka, na makucha, aghalabu mawili. Upande wa pili, juu ya flaiwili, kumefungwa kikombe cha bati chenye matundu au meno. Ukivuta kamba puli inazunguka, na kibati kidogo kinachokwaruzana nayo kinayasukuma makucha yatoke nje hadi yakamate kikombe. Hapo mkono wako na krenki vimekuwa kitu kimoja. Injini ikiwaka inazunguka upesi kuliko puli, kwa hiyo kikombe kinayapiga makucha kwa mgongo na kuyarudisha ndani. Ukiilegeza kamba, springi inaivuta irudi, makucha yanalala, na tangu hapo hadi injini izimwe hakuna kipande cha stata kinachogusa kipande cha injini. Naomba hilo la kutogusana tulishike, maana nitalirudia. Kukamata ni kazi rahisi, hata ndoano inakamata. Kuachia kwa wakati ndiko kulikowaumiza vichwa waliobuni kifaa hiki.

Si kila injini inastahili taabu ya kuchongewa stata. Injini nyingi za pampu na jenereta zinazouzwa siku hizi Afrika Mashariki ni za umbo la Honda GX160, ile ya cc 163, au nakala zake kutoka China, na stata zake huingiliana: bolti tatu za milimita sita, unafunga, unavuta. Mwenye injini ya namna hiyo akiagiza stata ya kuchonga anapoteza fedha, na fundi anayeipokea kazi bila kumwelekeza dukani hamtendei haki. Ninayoizungumzia ni injini yatima. Kampuni ya Tecumseh ya Marekani iliachana na injini za petroli mwishoni mwa 2008. Subaru ya Japani ilifunga utengenezaji wa injini zake ndogo za Robin mwaka 2017, na Robin si jina geni kwa fundi yeyote wa pampu au jenereta. Kampuni inafunga milango siku moja, ila injini zake zinaendelea kusaga, kuvuta maji na kuwasha taa miaka ishirini mbele. Ongeza hapo mitumba iliyoingia nchini ikiwa sehemu ya mashine nyingine, ya kukatia majani au ya kulimia bustani, ikang'olewa na kufungwa kwenye pampu. Kila moja ina kikombe chake, kimo chake na matundu yake ya bolti, na muuza spea akiitazama anatikisa kichwa.

Watu wa Tarime, zaidi ya wengine, wana sababu ya kihistoria ya kutoiamini rafu ya dukani peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Kwa wilaya ambayo koo za wenyeji wake ziko pande zote mbili za mstari, na mji wake wa Sirari umepakana na Isebania, hiyo ilikuwa miaka sita na ushei ya kutazama ng'ambo. Katikati yake vikaja Vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na spea ikawa neno la kunong'onezwa. Leo mpaka uko wazi, na ukiwa na nauli unafika Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan, ambako spea zimepangwa hadi kwenye dari. Hata hivyo hakuna barabara, ya Nairobi wala ya Kariakoo, inayouza kitu kilichoacha kutengenezwa.

Kabla ya chuma kukatwa, fundi ahakikishe kwamba stata ndiyo mgonjwa. Nalisema kwa sababu mara nyingi mgonjwa ni valvu, na stata inapigwa sindano isiyo yake. Injini nyingi za kisasa za mipigo minne zina kijinyanyuzi kidogo kwenye kemshafti ambacho, injini ikizunguka polepole, huiinua valvu ya kutolea moshi unywele tu, hewa ikapungua na kamba ikawa nyepesi. Mwanya wa valvu ukiwa mkubwa kupita kiasi, kijinyanyuzi kinanyanyuka bila kuifikia valvu. Kwa GX160 mwanya unaotakiwa, injini ikiwa imepoa, ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingizia na 0.20 kwa ya kutolea. Ukizidi sana, kompresheni yote inabaki ndani na kamba inakuwa nzito kama inayovuta ndoo iliyonasa kisimani. Mvutaji anakasirika, anavuta kwa hasira, kamba inakatika. Inawekwa nene zaidi. Sasa kamba haikatiki, unavunjika ukucha. Unachomelewa ukucha wa chuma kigumu, kikombe kinararuka. Mnyororo wote huo wa gharama ungekatwa na vibapa vya kupimia mwanya na dakika kumi za subira.

Tuchukulie valvu ziko sawa na stata kweli imekufa. Hapo linakuja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kazi nzima: puli iwe na kipenyo gani? Fundi aliyezoea kuiga atapima puli ya zamani na kuchonga kama ilivyokuwa, na akiwa hana ya zamani atachukua kipande cha chuma kilichopo. Tuone kinachotokea. Cheche ya injini hizi haitoki kwenye betri. Inatokana na sumaku iliyomo kwenye flaiwili inapopita mbele ya koili, na sumaku ikipita polepole, umeme unakuwa dhaifu mno kuruka mwanya wa plagi. Upo mwendo wa chini ambao ukivuta pungufu yake unajichosha bure, hata ukivuta mara hamsini. Sasa chukua mvutaji anayevuta kamba mita moja kwa nusu sekunde. Puli yenye kipenyo cha sentimita 8 ina mzingo wa sentimita 25, kwa hiyo mita moja ya kamba inaizungusha mara nne, sawa na mizunguko 480 kwa dakika. Injini ya mipigo minne hubana mchanganyiko mara moja katika kila mizunguko miwili. Mvuto huo umeipa nafasi mbili za kuwaka.

Badilisha puli iwe ya sentimita 12. Mzingo unakaribia sentimita 38, mizunguko haifiki mitatu, na mwendo unashuka hadi 320 hivi kwa dakika. Mkono unafurahi, kwa sababu uzito unaouhisi umepungua kwa theluthi moja, lakini nafasi ya hakika ya kuwaka imebaki moja, na cheche imedhoofika. Nenda upande wa pili, puli ya sentimita 5. Hesabu ya karatasi inakuahidi mizunguko zaidi ya sita na mwendo wa 760 kwa dakika. Tatizo ni kwamba uzito umeongezeka kwa zaidi ya nusu, mkono hauwezi tena kuvuta kwa kasi ile, unakwama katikati pistoni ikiwa inapanda. Kukwama hapo ni hatari. Cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu kabisa, na flaiwili ikiwa haina mwendo wa kuivusha kilele, moto unaisukuma pistoni irudi ilikotoka. Kamba inanyakuliwa pamoja na vidole vilivyoishika. Wenye mashine za kusaga za dizeli, zile za kuzungushwa kwa hendeli, wanalijua pigo hili kwa jina la mtu aliyeteguka mkono kijijini kwao. Magari ya zamani nayo yalikuwa na hendeli ya namna hiyo, na Cadillac ilipotoa gari lenye stata ya umeme mwaka 1912, kuepukana na hendeli kulikuwa sehemu kubwa ya sababu za watu kulipenda.

Ndiyo maana nasema mkono upimwe kwanza. Mita moja kwa nusu sekunde ni mvuto wa mtu fulani, aliyesimama namna fulani. Pampu iliyokalishwa chini kwenye tope inavutwa na mtu aliyeinama, na aliyeinama anaishiwa mkono mapema. Huenda akavuta sentimita 70 tu. Kwa puli ya sentimita 8 hiyo ni mizunguko isiyofika mitatu, na tumerudi kwenye tatizo la puli kubwa ingawa puli ni ileile. Kiwanda hakiwezi kumjua mtu huyo; kinachagua kipenyo kimoja kwa dunia nzima. Fundi wa Mugumu anaweza kumwita aje, amvutishe kamba tupu iliyofungwa mafundo kila sentimita 10, ahesabu mafundo. Kisha achukue mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama buchani, aishike kwenye kamba ya injini yenyewe na kuvuta taratibu hadi pistoni ivuke kilele, asome kilo ngapi. Mafundo na kilo: kwa vipimo hivyo viwili kipenyo cha puli kinajitaja chenyewe, au angalau kinakataa kuwa kikubwa mno au kidogo mno. Wakati mwingine vipimo vitasema kwamba puli haina kosa lolote na kinachotakiwa ni fremu ya kuinua pampu ifike magotini. Kwa stata zenye bolti tatu zilizogawanywa sawasawa kuna dawa ya bure kabisa ambayo wengi hawaitumii, yaani kuifungua stata na kuigeuza ili tundu la kamba litazame juu badala ya pembeni.

Njia za kutengeneza zenyewe ni tatu, na nina upendeleo wangu. Ya kwanza ni kufufua stata ya kiwandani. Springi bapa mara nyingi hukatika kwenye ndoano ya ncha. Fundi mzuri anapasha moto sentimita mbili za ncha hiyo hadi ziwe nyekundu, anaziacha zipoe polepole, kisha anakunja ndoano mpya. Moto ukipanda zaidi ya hapo, chuma kinapoteza ukakamavu na springi inakuwa ukanda wa bati. Mahali kava ipo na puli ipo, hii ndiyo njia ya kwanza na sioni sababu ya kutafuta nyingine, ila miwani ivaliwe, kwa sababu springi hiyo ikiponyoka haichagui jicho.

Ya pili ni ya werevu, na ndiyo ninayoipinga. Ni kuchukua friwili ya baiskeli, ile gea ya nyuma inayozunguka huru ukiacha kukanyaga pedali, kuifunga kwenye krenki na kuizungushia kamba. Kwa macho ni jibu kamili: inakamata upande mmoja, inaachia upande mwingine, inapatikana kila gulio. Lakini kumbuka tulichosema kuhusu kutogusana. Ndani ya friwili kuna vikucha vinavyosukumwa nje na vispringi, na vinapoachia havilali. Vinaruka juu ya meno, ndiyo ule mlio wa tiki-tiki-tiki baiskeli ikishuka mlima. Mlima una mwisho. Injini ya pampu inazunguka hadi mara 3,600 kwa dakika, saa nne mfululizo, na mzunguko wenyewe unavitupa vikucha nje vikazidi kukwaruza meno. Grisi inayeyuka, meno yanalika, na siku vikucha vinaposhikana na meno vikagoma kuachia, gea yote inazunguka pamoja na krenki ikiwa imebeba kamba. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kupumzika kidogo kidogo kimepewa kazi ya kutopumzika. Anayetaka kuitumia lazima aifunge kwenye mkono unaosogezwa kando injini ikishawaka, na akifika hapo ameshatengeneza kitu kigumu kuliko njia ya tatu.

Njia ya tatu ni ya kizamani: puli ya wazi yenye mkato ukingoni, inayofungwa juu ya flaiwili, na kamba isiyofungwa popote. Ncha moja ina fundo, nyingine ina mpini. Unaingiza fundo kwenye mkato, unazungusha kamba mara tatu au nne, unavuta, kamba inamalizika na fundo linadondoka lenyewe. Hakuna springi, hakuna makucha, hakuna cha kulika. Watakaoicheka waende mwaloni Shirati au Musoma wafungue kofia ya injini ya mtumbwi: injini nyingi za namna hiyo zina mkato kwenye flaiwili kwa kazi hiyohiyo, na mtengenezaji huweka kamba ya dharura kwenye vifaa vyake, kwa sababu anajua stata yake nzuri inaweza kufa maji yakiwa pande zote. Kama kiwanda chenyewe kinarudi kwenye fundo na mkato siku ya shida, sioni aibu ya fundi wa nchi kavu kuanzia hapo.

Urahisi huo una masharti mawili ya chuma. Mkato uinamishwe kuelekea upande inakotoka kamba, ili fundo likose pa kushika mara tu kamba inapokwisha. Mkato ulionyooka, au wenye kona kali, unalishika fundo na kuligeuza rungu. Sharti la pili ni kukaa katikati. Puli ya gramu 300 iliyofungwa milimita moja nje ya kitovu, injini ikizunguka 3,600 kwa dakika, inaivuta krenki pembeni kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo nne na ushei, na mzigo huo unahama pande zote mara 60 kila sekunde. Bearing na sili za mafuta zitalipa deni hilo ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo puli hii ikerezwe kwenye mashine, isikatwe kwa moto na kulainishwa kwa tupa. Na iwe ya chuma cha kawaida. Alumini iliyoyeyushwa kutoka masufuria makuukuu ni nyepesi na inavutia, lakini ina vipovu ndani visivyoonekana, na sisi hatutaki kuvigundua kwa kasi ile.

Hapa najua kuna msikilizaji aliyekwisha kukunja uso. Unatutetea, atasema, kitu kinachozunguka wazi mbele ya watoto na kanga. Pingamizi hili ni zito kuliko yote na silipuuzi. Puli ya wazi lazima iwe na ngao ya bati pande zote, yenye uwazi mmoja wa kuingizia kamba, na mpini uwe kijiti kifupi cha kushika kwa vidole, kamwe usiwe kitanzi cha kuvisha kiganjani. Mahali ambapo watoto ndio wanaotumwa kuwasha pampu, au jenereta ya shule, njia hii isitumike, ijapokuwa ni rahisi. Hapo itafutwe stata iliyofungwa hata kwa gharama. Lakini tulinganishe hatari zilizopo, tusilinganishe na ndoto. Stata ya dukani ikifa shambani, mwenye pampu haendi nyumbani kulala. Anafungua kava, anazungusha kamba ya manila kwenye nati ya flaiwili, na kuvuta bila ngao, bila mpini, bila mkato. Puli ya wazi iliyopimwa inamwondoa kwenye hatari hiyo.

Mwingine atauliza kwa nini tuhangaike na petroli wakati umeme unakuja. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 na nguzo zimefika mahali ambapo wazee hawakutegemea kuziona. Ni kweli, na mashine ya kusaga iliyo kando ya nguzo ihamie kwenye mota bila kusitasita. Nguzo lakini zinafuata nyumba, na bustani ya nyanya inafuata mto. Shimo la mchimbaji mdogo linafuata mwamba, na maji yakijaa humo leo hayangoji mpango wa mwaka ujao. Pampu za sola, nakubali, zitakula sehemu kubwa ya kazi hii, na kwa mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo mmoja ndizo ningemshauri. Hata hao wanaotamani stata ya umeme kwenye injini ileile ya petroli wakae wahesabu: betri, koili ya kuichaji, gea ya meno kwenye flaiwili, waya. Betri ikilala wiki tatu za mvua bila kuchajiwa, mwenye injini atarudi kuitafuta kamba.

Linabaki neno moja linalowakera mafundi, nalo ni "feki". Kitu kilichotengenezwa gereji, wanasema watu, ni cha kuungaunga. Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, Soichiro Honda alikusanya injini ndogo zilizobaki vitani, zilizokuwa zikizungusha jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Nazo zilikuwa injini za kazi nyingine zilizolazimishwa kufanya kazi mpya, kama zile zilizolala chini ya meza za Sirari. Sidai kwamba kila gereji ya Sirari ni Honda inayongoja kugunduliwa. Habari hiyo hupigiwa sana debe na inaficha mtaji, soko na bahati. Ninachokichukua kwake ni kidogo zaidi: kipande kinaacha kuwa cha kuungaunga siku kinapoweza kutengenezwa mara ya pili kikawa kilekile. Hapo ndipo tulipo dhaifu. Mikono ipo. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vimekuwapo tangu miaka ya 1970, na SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Mashine za kukereza zipo. Kisichokuwapo ni daftari. Fundi anachonga puli nzuri, inafanya kazi miaka mitatu, inapotea, na anaanza upya kwa kukisia, kwa sababu kipimo kilikuwa kichwani mwake na kichwa kimebeba injini mia nyingine tangu hapo.

Pendekezo langu ni la senti chache. Wafugaji wetu wanapiga ng'ombe chapa, na tangu 2010 nchi ina sheria ya utambuzi wa mifugo. Basi chuma nacho kipigwe chapa. Seti ya namba za kugonga kwa nyundo inatosha. Juu ya ngao fundi agonge kipenyo cha puli kwa milimita, urefu wa kamba, unene wake, na mwezi na mwaka. Barabara ya kutoka Tarime kupitia Nyamongo na kuvuka Mto Mara hadi Mugumu ni kilomita 87 hivi, na injini zinaipita kila zinapouzwa. Puli iliyochongwa Sirari ikivunjika Mugumu, fundi wa huko atafuta tope kwenye bati, asome 80, 1200, 5, na awe ameshafunga chuma kwenye kerezo kabla mwenye pampu hajaamua alale mjini au arudi kwa bodaboda.